Beki Asiyeamini Vidonge vya Bure

Kitu cha kwanza nilichokishuku ni bei. Sista wa kliniki ya kifua alinisukumia pakiti ya vidonge juu ya meza, nikamuuliza ni pesa ngapi, akasema ni bure. Siku zisizo na mazoezi mimi huuza njumu za mitumba Kongowea, na soko limenifundisha kwamba kitu cha bure ni kile ambacho bei yake hujaambiwa bado. Nikamuuliza tena.

"Nimekwambia ni bure."

"Bure ya leo, au bure mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Miezi sita."

"Na nikitaka kulipa, nikapata dawa zilizo bora?"

Akavua miwani, akanitazama kama refa anavyomtazama mchezaji mwenye kadi ya njano anayeendelea kusema. "Hakuna zilizo bora, kakangu. Ni hizi hizi. Tajiri humeza hizi, maskini humeza hizi. Ila maskini huwa hawanipotezei wakati."

Nayaandika haya kwa yule aliyekalia benchi la kliniki kama ile, pakiti mkononi, haelewi amepewa dawa au ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Sitamwambia aache kushuku, maana mimi mwenyewe sijaacha. Nataka ajue tu vipi vya kushuku na vipi vya kumeza.

Mimi ni beki wa kati. Nimekula kwa mpira misimu kadhaa katika klabu ya upande wa Changamwe ambayo sitaitaja, kwa kuwa bado nakutana na watu wake barabarani. Kazi ya beki ni kushuku. Straika hulipwa kwa kuamini kwamba mpira utamfikia. Mimi hulipwa kwa kutoamini. Simwamini mshambuliaji anayechechemea, simwamini anayeinama kufunga kamba, na golikipa wangu mwenyewe akiniambia "wangu", hugeuka kwanza nikahakikisha. Ndiyo maana mashabiki waliniita Komeo.

Kikohozi kilinianza mwisho wa kaskazi, lile joto la Bombolulu linapofanya mabati yalie kama yanakanyagwa. Nikashuku vumbi la malori. Nikashuku feni. Nikashuku maji ya ukwaju ya jirani, nikaacha kuyanywa, kikohozi kikabaki. Kisha likaja jasho. Kila nikiamka godoro limelowa, na bukta niliyoifunga kwa kamba moja sasa yataka mshipi. Kijana mmoja wa timu ya Likoni, ambaye msimu uliopita nilikuwa namzima kama mshumaa, alinipita mbio mpaka nikaisoma namba mgongoni mwake vizuri.

Kila mtu alikuwa na shuku yake. Kocha alishuku natafuna majani ya muguka. Mama mkwe alishuku jicho. Mke wangu, Mama Zuhura, alishuku mwanamke.

"Mtu hakondi hivi kwa mpira, Baba Zuhura. Hebu niambie ni nani."

"Ni kikohozi."

"Kikohozi hicho kina jina?"

Nilinunua chupa za dawa ya kikohozi kwa maduka tofauti, kila moja nikipatana bei, na kila muuzaji akiniapia wallahi hii ndiyo yenyewe. Zote zilikuwa na ladha ya peremende na hakuna iliyonifaa. Mpaka siku moja, katikati ya mechi, nikatema mate karibu na bendera ya kona, nikaona mekundu. Nikayafukia kwa njumu haraka. Nilipoinua macho, Kazungu alikuwa ananitazama.

Kazungu ni beki wa akiba. Mgiriama wa Kisauni, mrefu, mpole, anakaa benchi kwenye nafasi yangu akingoja nivunjike mguu, lakini hungoja kwa adabu. Alikwenda moja kwa moja kwa mtu wa huduma ya kwanza akamwambia, "Komeo anatema damu." Kabla ya filimbi ya mwisho nilikuwa nimetolewa, na yeye ameingia. Nilijua mara ile: huyu ameona pengo, akapita.

Ndipo nikajikuta kwenye lile benchi. Benchi la kliniki ya kifua liko nje, barazani, ili upepo upite, na sote tumevaa barakoa kama wezi wenye aibu. Hakuna anayemuuliza mwenzake anaumwa nini. Mtu huuliza, "Uko mwezi wa ngapi?" na jibu lile hutosha kuwa salamu. Palikuwa na dereva wa lori wa Miritini aliyesema yuko mwezi wa kwanza, mara ya pili. Nikamuuliza mara ya pili vipi. "Ile ya kwanza niliacha," akasema. "Niliona nimepona." Mtu anayesimulia hasara yake kwa ufupi hivyo huwa ameshaisimulia mara nyingi peke yake.

Siku hiyo hiyo shabiki mmoja akanitambua juu ya barakoa.

"Komeo! Wafanya nini huku?"

"Nimemleta ami yangu."

"Yuko wapi?"

"Ameingia msalani."

Yule bwana, Mungu amjazie kheri, akakaa kunisaidia kumngoja ami. Alikaa sana. Mwisho akaniuliza kwa huruma kama ami ana tatizo la tumbo pia.

Majibu ya makohozi yalitoka masika yakianza, barabara ya Kisauni ikiwa mto. Kifua kikuu. Wakanipima na damu pia, kutafuta ukimwi, kama wanavyompima kila mtu pale, na Mama Zuhura akataka kuliona jibu la damu kwa macho yake. Akalisoma, akalisoma tena, akaligeuza nyuma aone kama kuna jengine. Hapakuwa na kitu. Akalia kidogo, akafuta uso kwa ncha ya leso, kisha akaanza kupanga nguo za mtoto.

"Wanikimbia?"

"Sikukimbii. Namkimbiza Zuhura. Wewe una kifua kimoja kibovu, hatutaki viwili."

Zuhura alikuwa hajafika umri wa shule. Akapimwa, yeye na mama yake, wakaonekana wazima, mtoto akapewa dawa za kinga, wakavuka feri kwenda kwa mama mkwe Likoni. Mwenye nyumba wetu wa Bombolulu hakuniambia nihame. Alininunulia tu kata yangu ya maji, mpya, ya rangi ya kijani, akaitundika mbali na za wapangaji wenzangu. Ilikuwa kata nzuri kuliko zao zote. Sijawahi kuchukia chombo kama nilivyoichukia.

Kliniki ikataka watu niliokuwa nikikaa nao karibu waje wapimwe. Nikaiambia timu. Mmoja akaniuliza kama namtakia mabaya, mwengine akasema kwao hawana ugonjwa huo katika ukoo, na nahodha akazima simu. Aliyekuja alikuwa mmoja, Kazungu, kwa kuwa safari za mechi za mbali tulikuwa tukilala chumba kimoja. Akapimwa, akawa mzima, na sista akamuuliza yeye ni nani wangu.

"Mimi hukaa benchi kwenye nafasi yake," akasema.

"Wakaa karibu naye?"

"Mtaa wa pili."

"Basi wewe ndiye utakayekuwa ukimwona akimeza. Kila asubuhi." Akaichukua pakiti mkononi mwangu akampa yeye. "Hizi ziweke wewe. Huyu ana macho ya kwenda kuziuza."

Nikasema sista, mtu huyu ndiye anayetaka nafasi yangu. Sista akasema yeye hajui mpira. Basi tukasimama pale nje, mimi nikavihesabu vidonge mbele yake, naye akavihesabu mbele yangu, tukaagana kama watu waliopigania mpaka wa shamba.

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Wale wanaoanza wajue: mkojo hugeuka rangi ya fanta. Sista alikuwa ameniambia, lakini kuambiwa si kuona. Nilirudi kliniki mbio kumshtaki kwamba dawa zake zimenitoboa. Akaniuliza, "Nilikwambia nini?" Nikasema aliniambia. "Basi nenda." Viungo vilikuwa vikiniuma kama nimecheza dakika mia na ishirini juu ya lami. Chakula kilinuka chuma. Nilijitazama kwenye kioo cha kinyozi nikaona shingo yangu imekuwa ya kuku aliyechinjwa Jumatano akauzwa Ijumaa.

Na kila asubuhi, kabla hajaenda mazoezini, Kazungu huyo mlangoni.

"Hodi. Umeamkaje, kaka?"

"Nimeamka."

"Meza, nikuone."

Nameza.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

Kama mtu anayenunua punda. Sikuwa na shaka kwamba alikuwa akija kuzitazama mbavu zangu, apige hesabu zimebaki wiki ngapi. Nikawa navaa shati zito kabla hajafika, ili asipate habari ya bure. Yeye hukaa kizingitini akanieleza mechi ilivyokwenda: nani amempita, vipi amempita. Nami, kwa uchoyo wa kazi, nilijizuia nisimwambie alikosea wapi. Siku nyingine nilishindwa. "Ulimtazama macho," namwambia. "Usimtazame macho, mtazame kiuno. Kiuno hakidanganyi." Akienda zake, najilaumu. Nimempa bidhaa bila bei.

Mvua zikapungua, na mwili ukaanza kurudi kama mdaiwa, kidogo kidogo na bila kutazamana. Kwanza usingizi mkavu. Kisha njaa. Nilikula mahamri na mbaazi mpaka mama muuzaji akaniuliza kama nanunulia na wengine. Miezi miwili ilipotimia nikapimwa makohozi tena, hapana wadudu. Sista akapunguza aina za vidonge, akaniruhusu kuanza kukimbia, na akaniinulia kidole.

"Sasa ndipo watu huharibu. Utajiona mzima. Si mzima. Kimbia, cheza, lakini vidonge usiache hata siku moja."

Nikarudi mazoezini nikiwa na pumzi ya nusu kiwanja. Lakini timu ilikuwa taabani. Imebaki mechi ya mwisho, na ikipoteza inashuka daraja. Mikataba yetu wengi ilikuwa inaishia pale. Kocha akanivuta kando akasema wazi: cheza mechi hii, nikupiganie mkataba mpya, usipocheza, viongozi wameshakufuta. Akasema Kazungu ni kijana mzuri, ila mechi kama ile yataka Komeo. Nilitembea mpaka nyumbani nisihisi miguu.

Tukapelekwa kambi Miritini, nyumba mpya isiyopakwa rangi karibu na stesheni ya reli. Na kambi ya mechi kubwa huku kwetu haina maana ya mipira tu. Ipo kamati ya ufundi. Msomaji wa pwani anaijua. Kwa asiyeijua niseme ni kamati ya dua na uganga, isiyo na fundi wala spana. Mkubwa wake alikuwa Mzee Bakari, mtu wa heshima, mwenye kofia safi na sauti ya chini. Alikuwa amepata kombe kwa ustadhi mmoja, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya marashi, ili kila mchezaji anywe. Sisi sote hunywa. Kazungu ni mtu wa kanisa, lakini kombe hulipokea kwa mikono miwili kuliko sisi.

Jioni ile Mzee Bakari akatutangazia sharti. "Wanangu, kuanzia sasa mpaka mechi, tumboni haliingii ila kombe na chakula cha chungu cha timu. Dawa za hospitali hapana. Dawa ya hospitali hupoza kombe."

"Hata panadol, mzee?" golikipa akauliza.

"Hata panadol. Atakayekiuka atatuangusha sote, na kambini hatakaa."

Hakunitazama aliposema. Hakuwa na haja. Wenzangu wote walinitazama kwa niaba yake.

Nikajiambia ni siku chache. Nikajiambia mwili umeshapona, wadudu hawaonekani, nani atafunga duka kwa siku chache akafilisika? Vidonge viko kwa Kazungu, na Kazungu amelisikia sharti kama mimi. Kama hatavitaja, mimi sitaviuliza. Nikalala na biashara hiyo, na ilionekana nzuri.

Asubuhi tumeketi mkekani, timu nzima, chungu cha uji bado hakijafunguliwa. Kazungu akatoka ndani na bilauri ya maji mkono mmoja, mkono wa pili umefumba. Akapita katikati ya watu wote, akachutama mbele yangu, akaufumbua.

"Meza, nikuone."

Nyumba ile ilikuwa na uani, ilikuwa na choo, ilikuwa na nyuma ya tangi la maji. Angeweza kuniita popote. Amechagua hapa, mbele ya Mzee Bakari, mbele ya kocha. Nikamtazama kiuno, kwa mazoea. Hakikuniambia kitu.

"Kazungu," nikamnong'oneza, "umesikia jana kulisemwa nini?"

"Nimesikia. Na kliniki nilisikia pia. Meza, kaka, uji unapoa."

Nilijua hesabu, na nikaipiga mara mbili pale pale. Nikikataa, nacheza, na huenda nikapata mkataba. Nikimeza, anacheza yeye. Niliona mtego kama unavyouona mguu wa mtu anayekungoja ujikwae. Lakini upande wa pili wa mizani palikuwa na yule dereva wa lori na ule ufupi wa maneno yake. Na palikuwa na mimi mwenyewe: viungo, mkojo, kata ya kijani, mtoto ng'ambo ya feri. Hayo yote nilikuwa nimeshayatoa kama arubuni. Sijawahi kuacha arubuni yangu dukani kwa mtu kwa sababu ya aibu.

Nikachukua vidonge, nikameza. Nikafungua mdomo, nikainua ulimi.

"Haya," Kazungu akasema, akarudisha bilauri.

Mzee Bakari hakupaza sauti. "Basi, mwanangu. Wewe ni wa hospitali. Nenda na hospitali yako, Mungu akuponye." Kocha akakitazama chungu cha uji. Nilipofunga begi langu nikakuta Kazungu ametia ndani vidonge vya mpaka mechi ipite. Hakuna aliyenisindikiza hata mpaka barabarani.

Mechi niliisikia kwa simu, kwa mtu aliyekuwa uwanjani. Walitoka sare, na sare ilitosha. Kamati ikasema ni kombe, kocha akasema ni mfumo. Mimi niliambiwa Kazungu alimtia straika wao mfukoni, nikaudhika kwa kuwa niliamini. Mkataba wangu ukaisha bila mtu kuniaga. Mama Zuhura aliposikia alivuka feri, akamtafuta yule ustadhi mwenyewe, akamuuliza kama ni kweli kombe halitaki dawa. Ustadhi akashangaa. Kombe ni dua, akasema, na yeye mwenyewe humeza vidonge vya presha kila siku. Sharti lile hakulitoa yeye. Mama Zuhura akanipa habari hiyo, na kwa mara ya kwanza tangu masika akala nami sinia moja.

Nilidhani Kazungu hataonekana tena. Alichokitaka amekipata. Asubuhi ya pili baada ya mechi, hodi. Meza, nikuone. Nikashuku: sasa anataka nini kingine? Niliendelea kushuku kusi yote, mchana nikiuza njumu na asubuhi nikiinua ulimi. Mvua ikinyesha yuko. Mguu umemvimba yuko, anachechemea. Miezi ya mwisho ndiyo mirefu, ewe uliyeko benchini, kwa sababu huumwi na bado unameza. Mtu wako anayekupenda atakuhurumia hapo. Mama Zuhura mwenyewe, aliporudi, aliniambia siku moja nimechoka sana, nipumzike na vidonge mpaka kesho. Kazungu hakunihurumia hata mara moja. Ukiambiwa utafute wa kukuona ukimeza, usitazame mapenzi tu. Tazama nani hatachoka.

Vuli ilipoanza kudondoka nikatoa makohozi ya mwisho, nikapewa neno la kupona. Sista akanipa mkono. Nikamuuliza kama sasa ndipo atanitajia bei, akanifukuza.

Nje, Kazungu alikuwa akiningoja. Tukasimama kwa muuza madafu, na nikaona nikinyamaza siku hiyo sitauliza milele.

"Ile asubuhi Miritini. Ulinipa dawa mbele ya watu ili nipone, au ili nitolewe?"

Akanywa dafu mpaka likalia. "Wewe ni mtu wa soko, kaka. Umelipia kitu kimoja, muuzaji amekufungia viwili. Wewe hurudisha?"

Nikalipia madafu yote mawili bila kupatana bei, na kwangu mimi hilo si jambo la kila siku.

Kocha alinikubalia nianze upya mazoezini, bila mkataba, nijaribiwe kama mgeni. Jumatatu akanivisha bibu la akiba juu ya jezi. Kazungu akavaa la kikosi cha kwanza. Ikapigwa kona. Nikapanda kuukabili mpira, na Kazungu akapanda nami, akanitia kiwiko cha mbavu, kiwiko kamili, cha mtu anayelinda mahali pake. Tangu masika watu wote walikuwa wakinigusa kama yai. Nikashuka, nikavuta pumzi, ikafika mpaka chini kabisa.

Kona ya pili nikamrudishia.